Kazi 40, kompyuta nne: kwa nini skripti haimalizi, na ufanye nini

SWALI: "Salaam mtaalamu. Nashughulikia kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Kila usiku tuna kazi za data: kuchambua manifesti za meli, kusoma hati zilizoskaniwa, kulinganisha bei na ushuru, kutoa ripoti za wateja. Tuna kompyuta nne za aina moja. Niliandika skripti ya Python inayojaribu kila namna ya kuzigawia kompyuta hizo kazi, kisha ichague ile inayomaliza mapema kuliko zote. Kazi zikiwa 12 inajibu kwa sekunde ishirini hivi. Sasa tumefika kazi 40. Niliiwasha Ijumaa saa kumi na moja jioni, na Jumatatu saa mbili asubuhi nikaikuta bado inazunguka. Bosi yuko tayari kununua seva kubwa. Mwenzangu mmoja anasema niigawe skripti yenyewe, kompyuta zote nne zitafute jibu kwa pamoja. Mwingine anasema hili tatizo ni NP, halina jibu, niachane nalo. Nimsikilize nani? Na nikiongeza kompyuta ya tano, usiku utapungua kweli?"

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Naanza na linalohusu mfuko wa bosi: seva asinunue, si kwa ajili ya hili. Skripti yako haina kosa na kompyuta zako si mbovu. Kilichokukwamisha ni idadi ya migao yenyewe, na idadi hiyo haijali chapa ya mashine.

Kila kazi ina mahali panne pa kwenda. Kazi 12 zinakupa nne mara nne mara nne hadi mara kumi na mbili, yaani migao 16,777,216. Ukiimaliza kwa sekunde ishirini, skripti inapima migao milioni moja kasoro kidogo kwa sekunde. Tufanye milioni moja kamili ili hesabu iwe nyepesi. Sasa kila kazi unayoongeza inazidisha muda kwa nne. Kazi 16 ni saa moja na dakika kumi na moja. Kazi 18 ni saa 19. Kazi 19 ni saa 76, na tangu Ijumaa yako hadi Jumatatu yako ni saa 63 tu, kwa hivyo hata 19 zisingeisha. Kazi 20 ni karibu siku 13. Kazi 40 zina migao ipatayo 1,200,000,000,000,000,000,000,000, na kwa kasi hiyo hiyo utasubiri miaka kama bilioni 38. Ulimwengu wenyewe una umri wa bilioni 13.8.

Ukishaliona hilo, ushauri wa seva na ule wa kugawa skripti unajipima wenyewe. Seva yenye kasi mara kumi, kwa wikendi ile ile, ingekutoa kwenye kazi 18 hadi 20. Kompyuta zote nne zikitafuta kwa pamoja, bila kupoteza hata sekunde kwa mawasiliano, zingekufikisha 19. Yaani mashine tatu za ziada zinakununulia kazi moja. Hata ule ujanja wa kukumbuka kwamba kompyuta zako ni pacha, kwamba kuipa ya kwanza mzigo wa pili na ya pili mzigo wa kwanza si mgao mpya, unapunguza idadi kwa mara 24 tu, nayo ni sawa na kazi mbili. Kukata njia mapema, yaani kuacha mgao mara tu kompyuta moja inapopita muda bora uliokwisha kupatikana, kunasaidia zaidi, mara nyingi sana. Lakini hakuna anayeweza kukuahidi kwamba kutasaidia usiku wa kesho.

Yule wa "NP, halina jibu" amechanganya vitu viwili. Matatizo yasiyo na algoriti kabisa, yaani utaratibu wa hatua za kufikia jibu, yapo: mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kuitazama programu yoyote ile na kusema bila kukosea kama itafika mwisho au itazunguka milele. Lako si la kundi hilo. Lako lina jibu na skripti yako ingelifikia. Ni vile tu sote tungekuwa tumeshazikwa.

NP ni kundi la maswali ya ndiyo au hapana ambayo, jibu la ndiyo likiletwa pamoja na ushahidi wake, kulikagua ni kazi nyepesi. Mtu akikuletea karatasi yenye mgao wa kazi 40 na kudai unamalizika ndani ya saa nne na nusu, unajumlisha safu nne na papo hapo unajua kama ni kweli. Kuupata mgao huo ndiko kugumu. Stephen Cook alionyesha mwaka 1971 kwamba kila swali la NP linaweza kugeuzwa kuwa swali moja la mantiki, na mwaka uliofuata Richard Karp akatoa orodha ya matatizo 21 yenye ugumu ule ule. Mojawapo ni hili: una rundo la namba, je, linagawanyika mafungu mawili yenye jumla sawa? Litazame vizuri. Ni tatizo lako lenyewe, kompyuta zikiwa mbili badala ya nne. Mpaka leo hakuna aliyepata algoriti ya haraka isiyoshindwa na rundo lolote, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Taasisi ya Hisabati ya Clay iliahidi dola milioni moja mwaka 2000 kwa atakayekata shauri, na bado hazijachukuliwa.

Lakini soma masharti ya ugumu huo kabla hujakata tamaa. Ni ugumu wa rundo baya kuliko yote, si wa kila rundo. Tena ni ugumu wa kutaka mgao ulio bora kabisa, bila kusamehe hata dakika moja. Ukiligusa swali kidogo tu, ugumu huweza kutoweka wote. Kila kompyuta ikipewa kazi moja tu na unatafuta jumla ndogo ya gharama, hilo lina njia ya haraka tangu Harold Kuhn alipoichapisha mwaka 1955. Kazi 40 kwa kompyuta 40 ni hesabu ya kupepesa jicho. Kazi ikiruhusiwa kusimamishwa katikati na kuendelezwa kwenye mashine nyingine, jibu bora linapatikana kwa kalamu: ni wastani wa mzigo kwa kila mashine, au urefu wa kazi ndefu kuliko zote, lolote lililo kubwa. Na ukitaka wastani wa muda wa wateja kusubiri uwe mdogo, badala ya saa ya kumaliza kila kitu, panga tu kazi fupi zitangulie na umemaliza.

Kwa hivyo kabla ya kugusa skripti muulize bosi anataka nini hasa. Yote yaishe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi? Au ripoti za wateja wengi zitoke mapema, hata kama ile kubwa itachelewa? Watu wengi hufanya kazi wiki nzima juu ya swali ambalo hakuna aliyewauliza.

Tuchukulie anataka yote yaishe mapema. Kanuni ya kutumia ni hii: pima muda wa kila kazi, zipange kutoka ndefu hadi fupi, kisha shika moja moja na uipe kompyuta yenye mzigo mdogo kuliko zote kwa wakati huo. Ni vile vile kama kupakia malori: magunia makubwa kwanza, vifurushi vya kuzibia nafasi baadaye. Mistari kumi ya Python inatosha, na kwa kazi 40 jibu linatoka kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Tuseme una kazi 12 zenye dakika 55, 48, 40, 37, 33, 30, 26, 22, 18, 15, 12 na 9. Jumla ni 345. Nne za kwanza zinaingia kila moja kwenye kompyuta yake: 55, 48, 40, 37. Ya 33 inakwenda kwa mwenye 37, anakuwa na 70. Ya 30 inakwenda kwa mwenye 40, naye 70. Ya 26 inafanya 48 kuwa 74, ya 22 inafanya 55 kuwa 77. Halafu 18 juu ya mmoja wa wale wenye 70, anafika 88. 15 juu ya mwenzake, 85. 12 juu ya 74, 86. 9 juu ya 77, 86. Umemaliza: 86, 86, 88 na 85. Kazi zile zile ukizigawa kuanzia fupi kwenda ndefu, kwa kanuni ile ile ya kumpa mwenye mzigo mdogo, utamaliza kwa dakika 106, kwa sababu ile ya 55 inaangukia kwenye mashine ambayo tayari ina 51. Dakika 18 zimepatikana bila kutoa shilingi.

Utajuaje kwamba 88 si mbaya, na jibu bora hulijui? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanadhani lazima walijue jibu bora ili wajipime. Huhitaji. Gawanya 345 kwa nne, unapata 86.25, kwa dakika kamili hakuna mgao duniani utakaomaliza kabla ya 87. Hicho ndicho kima chako cha chini. Wewe una 88, kwa hivyo ukitafuta mpaka mwisho wa dunia utakachookoa ni dakika moja. Kima cha chini kina upande wa pili pia: hakiwezi kuwa kidogo kuliko kazi moja ndefu kuliko zote. Chukua kikubwa kati ya hivyo viwili, kiandike kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu, ya kila usiku kando ya muda uliopatikana, na utakuwa na kipimo ambacho bosi anaweza kukisoma.

Hata usipopima, kuna dhamana. Ronald Graham alithibitisha mwaka 1969 kwamba kanuni hii ya ndefu kwanza, kwenye mashine pacha, haiwezi kuzidi jibu bora kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa mashine nne hasa ni robo, asilimia 25, hata ukipewa rundo lililotungwa na adui. Kazi zikigawiwa ovyo kadiri zinavyoingia, dhamana yake ya mwaka 1966 ni dhaifu zaidi: kwa mashine nne unaweza kufika mara 1.75 ya jibu bora. Hii ya pili ndiyo utakayokuwa nayo kama kazi zinadondoka usiku kucha na hujui kesho italeta nini, na si haba.

Kuna nyongeza ndogo naipenda. Ukishagawa kwa ndefu kwanza, si lazima uziendeshe ndefu kwanza. Ndani ya kila kompyuta geuza mpangilio, fupi itangulie. Saa ya kumaliza haibadiliki, ni 88 ile ile, lakini katika mfano wetu wastani wa kila kazi kutoka unashuka kutoka dakika 68 hadi 47. Wateja wanapata ripoti mapema na bosi anapata saa yake. Ila fanya hivi tu kama makadirio yako ya muda ni ya kuaminika, kwa sababu nitakazozitaja baadaye.

Ukitaka kubana zaidi ya hapo, hatua ya kwanza ni kubadilishana: tazama mashine iliyoelemewa, jaribu kuihamisha kazi yake moja au kuibadilisha na kazi fupi kidogo ya mashine nyingine, rudia mpaka hakuna kinachoboreka. Hatua ya pili ni kuitumia programu huria ya kutatua matatizo ya aina hii, kwa mfano OR-Tools, inayoitika vizuri kutoka Python. Ipe kikomo cha sekunde 60 na uianzishe na mgao wako wa ndefu kwanza. Kwa kazi 40 na mashine nne mara nyingi italeta jibu bora pamoja na uthibitisho, na muda ukiisha kabla, itakupa jibu zuri kuliko yote iliyoyapata na kima cha chini. Hapo huna cha kupoteza.

Njia ya tatu inafaa kuieleza kwa sababu inaonyesha ugumu umejificha wapi. Badala ya kuhesabu migao, hesabu mizigo. Jumla ya kazi zako 40 ikiwa dakika 1,000, kila mashine itabeba kama 250. Ukijua mizigo ya mashine tatu, ya nne ni kilichobaki. Kwa hivyo hali zinazowezekana ni 250 mara 250 mara 250, kama milioni 15.6, zipitie mara 40, mara moja kwa kila kazi, na unapata hatua kama milioni 625. Lugha kama C itazimaliza kwa sekunde chache, na jibu ni bora kabisa. Zile bilioni 38 za miaka zimekwenda wapi? Migao mingi mno ilikuwa inaleta mizigo ile ile, nawe ulikuwa unaipima upya kila mara. Lakini jaribu kupima kwa sekunde badala ya dakika, na hali zinaongezeka mara 216,000. Ongeza mashine mbili tatu, na zinalipuka tena. Ugumu haukufutwa. Umehamia kwenye ukubwa wa namba na idadi ya mashine, na kwako, kwa bahati, vyote viwili ni vidogo.

Sasa kompyuta ya tano. Kama kazi zako hazitegemeani, haiwezi kukurudisha nyuma. Kwa kazi zetu 12, kanuni ya ndefu kwanza kwenye mashine tano inamaliza kwa dakika 74. Kima cha chini ni 69, tofauti ya asilimia saba, kwa hivyo hapa panafaa kubadilishana. Jaribu 55 na 15, 48 na 22, 40 na 30, 37 na 33, na zilizobaki 26, 18, 12 na 9 pamoja: nne zinamaliza kwa 70, ya tano kwa 65. Je, 69 inawezekana? Haiwezekani. Ili wote wafike 69, mwenye 55 angehitaji dakika 14 kamili, na hakuna kazi wala jozi ya kazi inayozileta. Kwa hivyo 70 ndilo jibu bora, na hatukupima migao milioni 244 kulithibitisha. Kompyuta ya tano, basi, inakupa dakika 18. Ni zile zile ulizopata kwa kupanga orodha tu.

Kama kazi zinategemeana, yaani ripoti haiwezi kuanza mpaka hati zisomwe, mambo yanageuka kabisa. Chukua mfano wa Graham mwenyewe. Kazi tisa, kwa mpangilio: ya kwanza dakika 3, ya pili, tatu na nne dakika 2 kila moja, ya tano hadi ya nane dakika 4 kila moja, ya tisa dakika 9. Ya tisa inaisubiri ya kwanza. Ya tano hadi ya nane zinaisubiri ya nne. Kila mashine ikiwa huru inachukua kazi ya mbele zaidi katika orodha iliyo tayari. Mashine tatu zinamaliza kwa dakika 12. Ongeza ya nne: zinamaliza kwa 15! Sababu yake inaonekana ukichora. Mashine ya ziada inaiwahisha kazi ya nne, zile za dakika nne zinajaa mapema na kushika mashine zote, na ile ndefu ya dakika 9 inakosa nafasi mpaka dakika ya sita. Ukibaki na mashine tatu na kupunguza dakika moja kwa kila kazi, badala ya 12 utapata 13. Kwa hivyo kabla hujaongeza mashine kwenye kazi zinazotegemeana, zipe kipaumbele kwa urefu wa mnyororo unaozifuata mpaka mwisho, si kwa mahali zilipo kwenye orodha.

Data inayosafiri kati ya kazi ni shina jingine la ugumu. Faili la gigabaiti 6 (baiti moja ni biti nane) kwenye waya wa gigabiti moja kwa sekunde ni kama sekunde 48; kwenye megabiti 100 ni dakika nane. Kagua swichi na nyaya kabla ya kutafuta algoriti: gigabiti inataka jozi zote nne za nyuzi ndani ya waya, jozi moja ikikatika, au meno ya plagi yakishika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, kifaa kinashuka kimyakimya hadi 100 na hakuna anayekuambia. Hesabu hiyo hiyo uifanye kabla ya kukodi kompyuta za mbali. Nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, ndiyo, lakini ofisi yenye kasi ya kupakia megabiti 20 italipeleka faili hilo kwa dakika 40, na huenda kazi yenyewe ni ya dakika 30.

Ukitaka kuiingiza gharama ya usafiri kwenye hesabu, Harold Stone alionyesha mwaka 1977 kwamba kwa mashine mbili mgao wenye jumla ndogo ya gharama unapatikana haraka, kwa kuuchora kama mtandao wa mabomba na kutafuta mahali pa kuukata kwa bei ndogo. Kwa mashine tatu na kuendelea tatizo la jumla ni NP-ngumu, yaani gumu angalau kama yale ya orodha ya Karp. Kama mahusiano ya kazi zako yana umbo la mti, kila kazi ikipokea kutoka kwa matawi yake tu, njia ya Shahid Bokhari ya mwaka 1981 inalimaliza kwa mashine zozote: kazi 40 na mashine nne ni hatua kama 640. Angalizo moja, na si dogo: njia hizi zinapunguza jumla ya gharama, si saa ya kumaliza. Mashine zikiwa pacha, zitakushauri utupe kila kitu kwenye moja, kwa kuwa hapo usafiri ni sifuri.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo kwa uzoefu wa fani hii ndilo linaloharibu usiku mwingi kuliko NP: makadirio ya muda. Meli kubwa ikifika, manifesti inaweza kuwa mara tatu ya jana, na mgao wako bora wa jana ni karatasi tu. Weka muda wa kuanza na kumaliza wa kila kazi kwa usiku 30, chukua muda wa kati (ule unaoangukia katikati ukiipanga kutoka mdogo hadi mkubwa), na kando yake uandike usiku mbaya ulikuwaje. Kazi ambayo muda wake unayumba sana iwekee uhusiano na ukubwa wa faili badala ya namba moja. Na kama nyingi zinayumba, achana na mgao wa kudumu: weka foleni moja iliyopangwa ndefu kwanza, kila kompyuta ikimaliza ichukue inayofuata yenyewe. Makosa ya makadirio yanajisahihisha njiani. Hapo ule ujanja wa kutanguliza fupi usiutumie.

Foleni hiyo inahitaji mambo mawili. Kazi ikichukuliwa ifungwe jina na saa ya aliyeichukua, na kama hajatoa ishara ya uhai kwa dakika tano irudi kwenye foleni, maana stima ikipotea hakuna atakayeirudisha kwa mkono saa nane za usiku. Na kila kazi iandikwe ili ikirudiwa isilete ripoti mbili: iandike matokeo kwenye faili la muda, kisha ilibadilishe jina mwishoni.

Tazama pia kazi yako ndefu kuliko zote. Ikiwa kusoma hati zilizoskaniwa peke yake kunachukua dakika 300 na wastani wa mzigo ni 250, hakuna mgao, seva pacha wala mwanahisabati atakayekushusha chini ya 300. Ikate: kurasa 600 ziwe mafungu sita ya 100. Kila fungu litaongeza muda wa kuwasha programu, tuseme dakika mbili, kwa hivyo 300 zinakuwa 312 kwa jumla, lakini hakuna kipande kinachozidi 52. Usikate vipande 100, kuwasha peke yake kutakula dakika 200. Na hakikisha kazi mbili zenye kula kumbukumbu haziendeshwi wakati mmoja kwenye mashine moja. Zikianza kutumia diski kama kumbukumbu, dakika 20 zinageuka saa mbili na hesabu yote hii haina maana.

Ukifanya haya na bado muda wako uko juu ya kima cha chini kwa zaidi ya asilimia kumi usiku baada ya usiku, au kazi zinategemeana kwa wavu na si kwa mti, au mkataba wa mteja una faini ya kuchelewa, usiendelee peke yako. Nenda TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, uliza idara za kompyuta na hisabati kuhusu anayefundisha upangaji wa ratiba na uboreshaji. Tatizo la namna hii ni mradi mzuri wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akisimamiwa. Beba jedwali la muda wa usiku 30, mchoro wa kazi ipi inaisubiri ipi, ukubwa wa kila faili linalohama, na kumbukumbu inayotumiwa na kila kazi. Kwa nyaya, mwite fundi wa mtandao aje na kipimo cha kupima jozi zote nne, na umwambie aanze na ile kompyuta ambayo logi inaonyesha inapokea faili polepole kuliko wenzake.